Zumu ya Harusi ya Joyline

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Mimi nilizaliwa na bahati, wacha niandike hapa isije ikasahaulika. Miaka kumi na moja napiga picha Mosocho, na hakuna picha yangu imewahi kukataa kutoka. Hata moja! Wengine wanakata watu vichwa. Wengine wanapiga maharusi wamefumba macho. Mimi nikiinua simu hata ng'ombe anatulia, anaweka shingo vizuri.

Leo nilikuwa Ikonge kumwona Kwamboka, mama yake Joyline. Kiharusi kimemlaza upande mmoja tangu Aprili. Huyu mama alinilisha mwezi mzima nilipofukuzwa shule, darasa la saba. Hakuniuliza nilifanya nini. (Nilifanya.)

Joyline anaolewa na Job wa hapa kwetu Mosocho tarehe 26. Daktari amekataa mama asafirishwe hadi huku. Basi akanishika kwa ule mkono mzima. Akasema picha za harusi siku hizi ni keki, keki, keki. Yeye anataka kitu kimoja: uso wa mtoto wake akisema "ndiyo."

"Uso, Machogu. Sio mgongo. Sio keki."

Nikamwambia, mama, utaletewa uso mpaka uhesabu kope!

Jumatano, 15 Oktoba

Shida. Onyiego, mzee wetu wa kanisa, ametoa sheria: mpiga picha hapiti benchi ya kwanza. Mwaka jana mmoja alirudi kinyumenyume akamkanyaga pasta. Mimi nimepewa mlango wa upande, nyuma ya kwaya. Kutoka hapo nyuso zinaonekana — lakini ni hatua thelathini na nne. Nimehesabu. Nilimpiga Onyiego picha kwa simu kutoka hapo, akatoka punje ya mahindi yenye tai. Nikavuta kwa vidole. Akawa matofali, vipande vya mraba tu.

Kwa hivyo kamera! Kamera ya kweli, yenye zumu ya lenzi, inayovuta kitu cha mbali kwa kioo chenyewe. Bonasi ya mwaka ya majani chai yetu imeingia. Damaris ametoa karo kwanza, akaificha (najua pahali), halafu akanihesabia elfu tisa.

"Baba Bravin, ukirudi na kitu cha kung'aa kisicho na kazi, utalala nacho."

Huyo mke ananipenda sana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kisii, maduka manne. La maana ni la Ombati. Kamera mpya, nyeusi, kubwa kama mkate. Kwenye katoni imeandikwa zumu mara 16, megapikseli 48. Elfu saba! Mate yalinitoka.

Nikauliza: zumu ya lenzi ama ya kompyuta? Ombati akasema boss, zumu ni zumu.

Nikasimama mlangoni nikalenga kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara. Nikabonyeza. Lenzi haikusonga. Imekaa tu kama kifungo cha koti. Picha ikakua, ndiyo, na herufi zikawa matofali. Nikamwambia, ndugu yangu, hii ni simu umeivalisha suti! Wateja wakacheka. Ombati mwenyewe akacheka, akasema mzee unajua vitu.

Najua. Nimefika Mombasa mara mbili.

Ijumaa, 17 Oktoba

NIMEIPATA!!

Iko dukani kwa Mokua. Mtumba, imechubuka pembeni, megapikseli 12 tu. Lakini ukiiwasha — lenzi inatoka yenyewe kama kichwa cha kobe! Mara kumi, zote za lenzi. Nikalenga mama wa ndizi ng'ambo, nikasoma saa yake ya mkono. Saa kumi na moja kasoro dakika tano.

Hapo ndipo mambo yaliharibika. Ijumaa, saa kumi na moja! Mokua ni Msabato kama mimi, tunasali pamoja, na Sabato yetu inaanza jua likizama. Alikuwa ameanza na elfu kumi, mimi nane, tunapanda tunashuka vizuri kabisa. Ghafla akaanza kushusha mabati ya duka. Nikamsihi, dakika mbili tu.

"Ndugu, jua likizama nikiwa hapa nahesabu noti nitamwambia nini mke wangu?"

"Na Mungu?"

"Mungu husamehe."

Akafunga. Kamera ndani, bei hewani. Na Haron, yule wa studio Nyamira, ameiulizia hiyo hiyo! Anakuja Jumapili asubuhi.

Jumapili, 19 Oktoba

Jana sikuandika, Sabato. Naandika leo nikicheka peke yangu, Damaris ananiangalia vibaya.

Kanisani Mokua aliketi benchi ya mbele yangu. Kuongea bei ni mwiko. Basi Onyiego akauliza nani ana wimbo. Nikainua mkono: nambari themanini na tano! Mokua akageuka polepole. Tukaimba. Akainua wake: tisini na tano. Tukaimba. Mimi themanini na saba — kumbe ni wa mazishi, watu wakatafuta jeneza kwa macho. Yeye tisini na mbili. Onyiego akasema leo Roho amewashukia hawa ndugu wawili.

Mimi: tisini.

Mokua akasema "Amina!" mpaka mtoto wa mtu akaamka akilia.

Leo saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwake na elfu tisa ya wimbo wa tisini. Haron alifika saa mbili akanikuta napiga picha njiwa juu ya paa. Nikampiga picha na yeye, bure. Ametoka vizuri sana. Hasira yote inaonekana.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimepiga picha kuku. Jirani. Mwezi — una mashimo! Damaris alijiona kwenye kioo cha kamera akauliza hii mikunjo ni wewe umeiweka?

Mama Joyline amepiga simu. Ameuliza tu kama hiyo kamera inafika hadi usoni.

Inafika, mama!

Jumapili, 26 Oktoba

Nyuma ya kwaya. Bibi arusi amechelewa saa nzima. Mvua kubwa, stima zimepotea, humu ni giza kama chini ya kitanda.

Nimejaribu zumu yote. Onyiego amekuja karibu, ndiyo. Lakini ana masikio manne. Kumbe zumu inavuta uso na inavuta mtetemeko wa mkono pia! Hiyo Mokua hakuniambia. Hata Mombasa hawakuniambia.

Lavender, huyu wa sauti ya kwanza, ameinama: "Baba Bravin, mikono ina nini? Si picha zako hazikatai?" Amenipa kiti, niegemeze kamera juu ya mgongo wa kiti hicho. Nimepiga tena. Masikio matatu.

Watu wanasimama. Mlango mkubwa umefunguliwa. Joyline ndiye yule, gauni jeupe tupu, miguu imejaa matope, anacheka.

Niandike haraka kabla sijainua kamera. Picha zangu zimewahi kukataa. Mazishi ya baba, watu walinisukuma nyuma, nikavuta uso wake kwa vidole kwenye simu kabla ya jeneza kufungwa. Ulitoka matofali. Mama yangu alipoitisha hiyo picha nilimwambia simu imeibiwa. Na ile bahati niliyoandika hapa ni uongo.