Vikombe vya Upepo Vilivyopakwa Kijani

Dada Zaina,

Natumai homa imekuachia. Mimi nimechoka tu. Hapa kiwanja cha ndege cha Kindu napima upepo: vikombe vitatu huzunguka juu ya mlingoti, nami nasoma mshale ofisini. Jumamosi watu wa salongo, ile kazi ya lazima ya kila juma, walipaka kila kitu kijani kwa ajili ya mgeni wa chama, hata vikombe. Vikakwama. Leo ndege yake ilikaribia, michikichi ikiinama kwa upepo, mshale ukiwa kwenye sifuri.

“Sitwayeni, andika sifuri,” mkubwa wangu alisema, akiniita ‘raia’ kama chama kinavyotaka. “Ama unataka kukwangua rangi ya chama?”

Lakini rubani angeamini sifuri, upepo wa ubavuni ungempindua. Nikatoa stoo chombo cha zamani, bamba la chuma linaloning’inia: kadiri upepo unavyovuma, ndivyo linavyoinuka. Nikasoma kasi, nikaitangaza redioni. Ndege ikayumba, ikatua.

Mgeni akausifu mlingoti wetu. Mkubwa akaninong’oneza, “Ile bamba ufiche, ndugu yangu, kabla salongo ingine haijafika na rangi.”

Liko chini ya kitanda changu. Mshikie mama mikono kwa niaba yangu, uniombee usingizi.

Mdogo wako, Saidi