Nguo Mbichi za Mzee Pyo

Mdogo wangu Jeom-rye,

Huku Taebaek theluji imefika dirishani, na kabichi ya kuchachusha, kimchi yangu ya safari hii, imekolea, utajilaumu kutokuja.

Umeniuliza habari za macho. Yalikuwa yakiniwasha kama yametiwa mchanga. Daktari alinicheka: "Mama, sakafu unaipasha moto kutwa, unajikausha kama samaki! Punguza moto, utundike nguo mbichi chumbani, hewa ipate unyevu."

Sasa mimi, tangu shemeji yako atutoke, nina nguo gani za kujaza kamba? Soksi na kitambaa cha kichwa! Nikamlalamikia Mzee Pyo, jirani yetu aliyefiwa na mkewe. Akasema, "Zangu zipo tele, na kwangu kulivyo baridi hazikauki." Kesho yake akaja na beseni.

Basi nalala chini ya mashati yake, na suruali yake ndefu ya ndani, usicheke! Mama Bok-nam aliiona dirishani, akapaza sauti njia nzima isikie: "Dada, harusi lini?"

"Ni dawa ya macho!"

"Dawa hiyo hata mimi naitaka!"

Macho yamepona, nikapanga kumwambia mzee asijisumbue tena. Jana akaleta beseni lake, akanywa chai ya shayiri, akaaga. Nikashika shati la juu nilitundike. Kavu. Nikapekua hadi chini: zote kavu, tena zimepigwa pasi.

Nikazichovya majini moja moja, nikazitundika.

Dada yako,
Mal-sun