Soli za Mama

Kibanda cha Viatu,
Mkabala na Kituo cha Afya,
Barabara Mpya.

Jumapili, 12 Mei

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi kutoka kwa kaka yako anayenuka gundi. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu, kile kikohozi cha baridi ya huko kimewaachia? Sisi ni wazima, ukiondoa goti langu, ambalo sasa limekuwa mtu wa familia na linataka lisalimiwe kivyake. Wifi yako ameona picha mlizotuma, anasema mmenenepa. Amesema kwa sifa, usianze kujinyima.

Nyumba uliyomjengea Mama huku bondeni ni nzuri, na sitaki useme kaka ameanza kuponda. Maji yamo ndani, jiko ni la gesi, kituo cha afya ni kuvuka barabara tu. Tangu aachane na moshi wa kuni, macho hayamtoki machozi na kile kifua cha alfajiri kimenyamaza. Hayo ni yako, na Mama humsimulia kila mgeni, hata msoma mita.

Ila kuna jambo. Kaa kwanza.

Unajua mimi kazi yangu ni kuwatazama watu kuanzia chini. Kabla ya lami, viatu vyote nilivyoletewa vilikuwa na ugonjwa mmoja: soli imelika, kisigino kimekwisha. Watu walipanda na kushuka kilima kwa miguu, wakifuata maji, soko, hata umbea. Siku hizi naletewa kiatu ngozi imepasuka kwa jua na vumbi, lakini soli nzima kama ilivyotoka dukani. Mwenyewe ameshushwa na pikipiki mlangoni pangu, akitoka kupimwa presha hapo mkabala. Nikaona nimevumbua jambo, nikamweleza muuguzi kwamba wasiotembea ndio wanaougua. Akanitazama kwa huruma. "Fundi, hilo tunaliimba humu ndani kila asubuhi. Wewe ndiyo kwanza umelisikia leo?"

Basi mwezi uliopita Mama akaniletea vile viatu vyeusi nilivyomshonea siku ya kuhamia. Kamba ilikuwa imekatika. Nilipovigeuza, soli bado ilikuwa na alama za kisu changu. Mama yuleyule ambaye alipokuwa akiishi kule juu kilimani nilikuwa nambadilishia soli kila msimu huku nikinung'unika!

Nikamuuliza, "Mama, kwani siku hizi huendi popote?"

"Niende wapi, mwanangu? Maji yamenifuata, dawa zimenifuata. Nimekaa tu dirishani nangoja na kifo nacho kije kwa lami."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Na hilo dirisha lenyewe halifunguki kwa vumbi la malori. Waliojenga barabara walichimba mtaro wakasahau kuuonyesha pa kwenda, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanalala mbele ya nyumba, na mbu nao wamepata makazi bora. Malaria imeshamlaza mara mbili. Sukari imepanda. Muuguzi anamwambia, "Mama yangu, utembee." Atembee wapi? Pembeni mwa lami hapana hata pa kuweka unyayo.

Ndiyo maana nilishtuka uliposema kwenye simu kwamba nyumba ya kule juu imepata mnunuzi. Nakuomba, mdogo wangu, usiiuze. Jiko la gesi lipande kilimani, na Mama apande nalo. Hii ya chini muuguzi anaitaka apange, naye mbu anawajua kwa majina. Siku za kliniki Mama atashuka alale kwangu. Sijidanganyi: akizidiwa ghafla, kilima ni kilima, na dawa iko huku. Nilimweleza hivyo bila kuficha. Akasema huku bondeni anazidiwa polepole, tena kila siku.

Ukinuna nitaelewa. Uliijenga kwa upendo, na ule moshi ungemmaliza. Wewe ulimwondolea moshi; hakuna aliyejua kwamba tunamwondolea na kilima.

Msalimie sana shemeji. Wabusu wapwa, hasa yule Profesa, mwambie mjomba bado hana jibu la swali lake kuhusu konokono. Mungu awape afya, na ngazi nyingi za kupanda.

Mama naye anakusalimu. Wiki tatu zilizopita alipanda kule juu, akasema anakwenda kufagia ili mnunuzi akute pasafi. Mpaka leo anafagia. Jiko alilibeba. Amesema nisikwambie.

Leo asubuhi muuza maziwa wa kule juu kaniletea vile viatu vyeusi. Kisigino cha kulia kimeanza kulika. Ndani kulikuwa na ujumbe: safari hii niweke soli ngumu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukinuna,

Fundi