Tembo Wanaokula Bila Kufukuzwa

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemaliza barua mbili kabla ya adhuhuri. Moja ni ya mgogoro wa mpaka wa shamba, nyingine ya mtu anayemlalamikia mkwewe kuhusu baiskeli. Zote zimekaa sawasawa. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini kati ya hapa na Kilimarondo hakuna mwingine ajuaye mahali panapostahili maneno "kwa heshima na taadhima". Wengi huyamwaga popote, kama chumvi.

Tembo wameingia tena. Shamba la jirani yetu, Mama Tatu, limeliwa upande mzima. Mahindi yalikuwa yameanza kukomaa. Mwenyewe alikuwa juu ya dungu, analinda, anawaona. Debe lilikuwa miguuni pake, na rungu mkononi. Hakuligonga.

Hakuna anayegonga debe katika kitongoji hiki tangu Ruangwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nitaliandika jambo hili kwa mpangilio, kwa kuwa kichwani mwangu halina mpangilio.

Msimu wa korosho uliopita watu wetu walikwenda Ruangwa, mnadani, katika lori moja. Bei ikawaudhi wakulima. Barabara ikafungwa. Yakaja mawe, yakaja mabomu ya machozi, zikaja risasi. Mke wangu alilala chini ya lori hadi jioni, akiwa ameushika mkono wa mdogo wake, Hamisi. Hamisi alikuwa amekwisha kufa. Mimi nilikuwa hapa nyumbani, namwandikia mtu barua.

Waliorudi hawakurudi wazima. Mwalimu hawezi kugonga kengele ya shule. Hupunga kitambaa ili watoto waingie darasani. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Chilumba, mtu wa kuheshimika, hulala amevaa viatu. Mama Tatu hujikojolea pikipiki ikipita. Mke wangu hatwangi. Mchi ukilia kwa jirani, yeye yuko uvunguni mwa kitanda. Natwanga mimi, mbali, nyuma ya mikorosho. Mwanamume mzima.

Hata wasiokwenda wameambukizwa. Mkutano ulipitisha: pasiwe na ngoma, pasiwe na debe, pasiwe na baruti. Harusi zetu sasa zinafungwa kimya kama maziko.

Tembo wameyaelewa maazimio hayo kuliko wajumbe.

Jumatatu, 14 Aprili

Watoto wamebuni mchezo. Mmoja hupiga sufuria kwa jiwe na kupaza sauti: "Ruangwa!" Wengine huanguka. Anayechelewa kuanguka ndiye maiti, naye huburutwa kwa miguu. Leo wameuchezea kisimani. Akina mama waliokuwa wakiteka maji wakaanguka kweli, na ndoo zao. Mmoja alilala kifudifudi kwenye tope, akiomba asiuawe. Watoto walicheka hadi wakashika matumbo.

Nami nilicheka. Siwezi kulieleza jambo hilo kwa lugha nzuri. Nilicheka.

Jumatano, 16 Aprili

Nimempeleka mke wangu zahanati, Mnero. Nesi ni mama mtulivu. Amempa vidonge vya usingizi na amesema hiki si kichaa wala si jini. Ni woga uliokosa njia ya kutokea. Afunge kitambaa kwenye mchi, atwange kidogo, azoee sauti. Baadaye akifungue. Pasiwe na haraka, na asishtuliwe.

Alilirudia hilo la mwisho akinitazama mimi. Sikupenda alivyonitazama.

Jumamosi, 19 Aprili

Mkutano kwa mwenyekiti. Njaa inakuja, kila mmoja anaijua. Kamba za pilipili na oili chafu tulizozungushia mashamba zimeoshwa na mvua. Moto tembo wameuzoea. Mzee Chilumba ameagiza niwaandikie wakubwa Nachingwea, walete askari wa wanyamapori.

Issa akasimama. Issa ni Myao, mimi ni Mmwera. Ni mtani wangu, ana ruhusa ya kunitukana mbele za watu.

"Jamani, huyu mwagizeni barua fupi. Akiandika zile zake, zikifika huko tembo watakuwa wameshakufa kwa uzee!"

"Wewe ukifa nitaandika kwa ufupi," nikamjibu. "Myao mmoja amepungua, mboga zitatosha."

Watu walicheka. Kwa sauti ya chini, mikono midomoni, lakini walicheka.

Jumapili, 20 Aprili

Barua imekamilika. Ni bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Sentensi yake kuu ni hii: "Tunaiomba ofisi yako ituletee nguvu ya kutosha kuwaondosha wanyama hao waharibifu pasipo kuchelewa." Nimemsomea mke wangu akiwa anachambua mchicha.

Akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Baba Mwajuma, ongeza waje bila kupiga bunduki."

Nikamweleza kwamba mwombaji hamwelekezi mkubwa namna ya kutenda kazi yake. Ni utovu wa adabu.

"Hata neno moja tu, baba?"

"Barua itavunjika."

Akarudi kwenye mchicha wake. Barua imeondoka jioni na pikipiki.

Ijumaa, 25 Aprili

Ametwanga. Ameufunga mchi kwa kipande cha kanga, akasimama mbele ya kinu muda mrefu kama mtu aliye ukweni. Kisha akashusha mara moja. Akaniangalia. Akashusha tena. Jasho lilimtoka kama mgonjwa wa homa, lakini alitwanga.

Usiku hakuingia uvunguni.

Sina cha kuongeza. Nimefurahi.

Jumanne, 29 Aprili

Ameifungua kanga. Leo mchi umelia wazi uani kwetu. Mama Tatu alitoka mbio, akafika, akakuta ni mwenzake anatwanga. Wakashikana, wakalia, wakatukanana kwa mapenzi. Mama Tatu akauomba mchi. Wakatwanga kwa zamu. Nimeona wanawake wengine wakichungulia uani, na mmoja amekwenda kukitoa kinu chake ndani.

Jibu nalo limefika. Askari watakuja. Mzee Chilumba amelisoma mbele ya watu. Wameandika kwamba barua yetu ilikuwa "imeandaliwa vema". Nimeomba nibaki na jibu hilo. Nimelisoma tena nikiwa peke yangu.

Issa alinivuta pembeni. "Mtani, hawa wanakuja na nini?"

"Na vifaa vyao vya kazi."

"Vifaa," akasema. Hakuongeza utani wowote. Nikamwona mtu mwoga.

Jumamosi, 3 Mei

Wamekuja alasiri. Gari moja, sare za kijani, bunduki. Tembo walikuwa bado wamo shambani, mchana kweupe, hawana habari. Askari hawakupita kwa mwenyekiti. Walikwenda moja kwa moja mashambani wakapiga risasi hewani. Nyingi. Walifanya walichoombwa.

Mzee Chilumba alikimbia wa kwanza, viatu miguuni, akawapita wajukuu zake njiani bila kuwagusa. Mwalimu alilala katikati ya uwanja wa shule akitaja majina ya watoto wake. Mama Tatu alijaribu kuingia ndani ya kinu. Nimeliandika hilo jinsi lilivyo: kichwa chake kilikuwa ndani ya kinu. Watoto walicheka risasi ya kwanza, wakidhani ni mchezo wao. Ya pili hawakuicheka.

Mke wangu alikuwa anatwanga. Mchi ukabaki umesimama ndani ya mahindi. Akakimbilia porini, upande uleule waliokimbilia tembo. Nikamfuata nikimwita kwa jina. Kadiri nilivyomwita ndivyo alivyozidi kukimbia. Nyuma yake palikuwa na sauti ya mwanamume, na zaidi ya hapo hakujua kitu.

Nikampoteza kwenye majani marefu.

Jumapili, 4 Mei

Hajapatikana. Tumefuata nyayo hadi mtoni. Nyayo zake ziko juu ya nyayo za tembo. Wanaume waliokuja kunisaidia ni wachache, waliobaki wamejifungia. Askari wameondoka asubuhi. Mmoja wao alinipa mkono na kusema kazi imekwisha salama.

Nikamwambia asante. Ndilo neno lililotoka.

Jumatatu, 5 Mei

Issa amempata, upande wa njia ya Kiegei, ndani ya kichaka cha miiba. Yuko hai. Mikono juu ya kichwa, mdomo umejaa udongo. Alimbeba mgongoni sehemu kubwa ya njia. Nilipojaribu kumpokea, mke wangu alipiga kelele. Akanyamaza aliporudishwa mgongoni kwa Issa.

Nilitembea nyuma yao.

Ijumaa, 9 Mei

Mnero tena. Nesi amemkagua, amemsafisha miguu, ameongea naye kwa sauti ya chini. Hajajibiwa. Akanigeukia.

"Nani aliwaita watu wenye bunduki?"

"Kitongoji, nesi."

Jibu hilo ni sahihi kabisa kimaandishi. Ameniandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa. Amesema safari hii itachukua muda, na huenda muda huo usitoshe.

Njiani mke wangu alijikunyata kila gari lilipotupita. Nilitaka kumshika bega. Sikuthubutu.

Jumatano, 14 Mei

Mahindi yamepona. Tembo hawajarudi. Mwaka huu tutakula. Katika mkutano Mzee Chilumba, ambaye sasa hamtazami mtu yeyote machoni, ameagiza niandike barua ya shukrani.

Issa akasimama.

"Mpeni kalamu Mmwera huyu! Kwa barua moja ameweza kumfukuza tembo na mkewe!"

Hakuna aliyecheka. Naye hakucheka. Alisimama palepale akinisubiri nimjibu, machozi yakimtoka. Mtani hakasirikiwi, hiyo ndiyo desturi yetu, nami sikukasirika. Nilikwenda nyuma ya nyumba ya mwenyekiti nikatapika.

Kisha nikarudi nikaandika barua ya shukrani. Wameisifu.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imekatika. Nimechemsha mahindi mabichi, nimemwekea mke wangu kwenye sahani, nimekaa mbali ili ale. Amekula kidogo. Hukaa na mgongo ukutani, anauangalia mlango. Uso wake umetulia. Mtu asiyemjua angedhani anapumzika.

Baada ya chakula ameongea, mara ya kwanza tangu arudi. Ameinua uso, ameweka mikono pamoja juu ya magoti, amesema kwa adabu kubwa:

"Naomba kwenda chooni, afande."

Nikamwambia mimi ni Baba Mwajuma. Nikamtajia jina langu, la baba yangu, na la kijiji tulikooana. Akaitikia kwa kichwa kila nilipotaja. Lakini hakuinuka. Aliendelea kungoja, magoti yamebanana, macho chini.

Nikasema, "Ruhusa."

Akashukuru, akaenda.