Upinde wa Mzee Ongeri

Nyacheki, 9 Machi 1992

Kwa ndugu yangu Prakash,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Tuko, ila usingizi hatuna. Shemeji Ramila hajambo? Na mgongo wako je?

Binti yangu Nyanchoka anakuletea upinde wa marehemu baba, Mzee Ongeri. Niliuficha darini jikoni na Duke ameuona. Tangu vita na majirani wa ng'ambo vianze, huyu kijana wangu analala mpakani na wenzake wakilinda ng'ombe. Kila akirudi ananiambia, "Baba, nipe upinde wa babu." Nimechoka kumkatalia.

Wewe unajua mbao kunishinda. Tazama ni upinde wa namna gani na una thamani gani. Akipatikana wa kuununua, uza. Asipopatikana, kata ncha zote mbili, piga vanishi, uwe pambo la duka. Sitaki uweze kumpiga mtu tena.

Nduguyo,
Jethro

Kisii mjini, 28 Machi 1992

Ndugu Jethro,

Mzigo umefika salama. Sisi wazima. Mgongo ni ule ule, Ramila anasema ni uvivu tu. Duka limelala, watu wa huko kwenu hawaji hata kununua msumari.

Aisee, unajua ulichonipa? Huu si wa kufukuzia ndege. Ni mti mmoja, umechongwa kwa kufuata nyuzi zake, upande wa nje haujaguswa na panga. Pa kushikia pamelainika kwa jasho la mzee. Ulipopasuka aliufunga kwa kano za ng'ombe, na bado zimeshika. Mteja mmoja wa Nairobi alitaja bei nzuri, nikajifanya sisikii.

Nilishika msumeno, Jethro. Mkono ukakataa. Nikafuta masizi kwa kitambaa, nikaupaka samli ya Ramila kidogo kidogo kila jioni, amenigombeza mpaka basi. Nikachukua kano kwa mchinjaji, nikasokota kamba mpya. Ukiivuta, inalia! Usiogope, nimeuangika juu kabisa nyuma ya kaunta.

Ndugu yako,
Prakash

Nyacheki, 6 Aprili 1992

Ndugu,

Hujambo, na nyumba yako. Sisi hivyo hivyo.

Sikukuomba uuponye. Nilikuomba uuharibu. Duke amembana dada yake mpaka akasema uko wapi. Tafadhali, ukisoma hapa, weka barua chini uukate.

Jethro

Kisii mjini, 10 Aprili 1992

Ndugu yangu,

Nashindwa hata kukusalimu. Barua yako imefika leo. Duke alikuja Jumanne. Alinisalimu kwa heshima, akaulizia mgongo wangu, akasema, "Mzee amebadilisha nia, amenituma niuchukue." Ningemkataliaje mtoto wako, ambaye namjua tangu abebwe mgongoni? Niliufunga kwa gazeti. Nikampa na samli kwenye kikopo, nikamfundisha kuupaka. Nilifurahi, Jethro, kwamba umeuonea huruma.

Yuko wapi sasa? Niandikie, hata mstari mmoja.

Prakash

Kisii mjini, 4 Mei 1992

Ndugu Jethro,

Bado sijapata neno lako. Ramila anauliza kila siku. Je, Duke amerudi?

Prakash

Nyacheki, 2 Juni 1992

Ndugu Prakash,

Natumaini nyote mko wazima.

Duke amerudi. Hana hata mkwaruzo. Upinde amerudi nao, na kweli uliutengeneza vizuri. Mishale hakurudi nayo. Nilimuuliza imebaki wapi. Akasema, "Baba, mmoja ndio najua ulipo." Tangu hapo anakaa jikoni na mama yake kama mtoto mdogo, hata chai ananyweshwa.

Mke wangu Bochaberi alisimama kanisani Sabato iliyopita, akamshukuru Mungu kwa kumrudishia mtoto wake. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi, Prakash, mdomo haukufunguka. Ng'ambo kule kuna mzee kama sisi anayeulizia kijana wake kwa kila mpita njia, na jibu limekaa hapa jikoni kwangu.

Wewe sikulaumu. Ila usiniandikie kwanza.

Nduguyo,
Jethro