Kadi Iliyotoka Ndogo

Mtaa wa Walnut,
Altoona, Pennsylvania.
9 Februari 2019

Mpendwa Kaka Emmett,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye theluji. Mgongo wako unaendeleaje, na mvua za huko Tacoma? Sisi wazima, ila Baba miguu imeanza kumgomea.

Tangu asubuhi nimekaa jikoni nikiitazama ile kadi ya Babu yenye picha ya mchezaji wa besiboli, iliyotoka kwenye pakiti ya sigara miaka mia na kitu iliyopita. Mchezaji wake ana macho ya usingizi, na nyuma yake mbingu ya njano, kama jioni isiyotaka kwisha. Nikiitazama sana nasahau hata chai.

Unakumbuka Baba alivyoipanga na kadi nyingine za Babu, ikaonekana fupi, akaipima kwa rula. Akashikilia kwamba uliipunguza kwa kisu chako cha kukatia zulia ili pembe zionekane mpya na bei ipande. Ukafunga mizigo. Miaka kumi na mmoja hamsemezani kwa ajili ya upana wa uzi, wakaidi wawili nyie!

Mwezi wa kumi niliituma kimyakimya kwa wale wanaokagua kadi za kale na kuzipa alama. Juzi ilirudi bila alama, na Baba akaiona kabla yangu. Akasema, "Si nilikwambia? Aliikata." Akaenda kujilaza.

Lakini karatasi yao ilisema tu kwamba haifikii kipimo. Nikawapigia simu. Mama mmoja mpole akanieleza kuwa kadi iliyokatwa na mtu huandikwa hivyo waziwazi. Hii yetu kingo zake zote zina nyuzi zilezile za karatasi na rangi ileile ya uzee. Zamani mashine za kiwandani zilikata ovyo, nyingine zikatoka ndogo. Wameinyima alama kwa udogo wake tu.

Nikamweleza Baba yote. Akaisogeza supu yake kando. Halafu akasema, "Rula haikukosea, Verna. Nimekosea mimi." Akaomba kalamu.

Msalimie Joyce na mapacha. Shangazi Adela anakutaja kila akioka mkate wa njugu. Mungu aifunike nyumba yenu kwa amani.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Verna

Haya ya chini ni mwandiko wa Baba mwenyewe:

Emmett, hukuikata. Njoo nyumbani, mwanangu. Baba.