Ubao wa Simu wa Mama Akiru

Lodwar, Jumamosi

Kaka Wekesa,

Goti linasemaje tangu uanguke ngazini? Shemeji ameniandikia kwamba umeshaanza kupanda nguzo tena, daktari hajui. Mimi ni mzima, ila vile vijisanduku viwili ulivyonitumia kwa basi kutoka Kitale vimenichosha.

Ulisema kimoja nikichomeke kwenye duka la Mama Akiru, mwenye nyumba wangu, iliko modemu, na kingine chumbani kwangu ng'ambo ya ua, na mtandao utapita ndani ya nyaya za umeme. Nilikubali kwa sababu waya niliotandika uani ulitafunwa na mbuzi. Ni kweli mtandao unapita, lakini kwa mwendo wa punda mwenye mzigo. Na mhariri wa redio ameshanionya: ripoti ya Ijumaa ikichelewa mara ya tatu, kituo cha Lodwar kinafungwa, nami narudishwa Nairobi kukaa mezani. Mara mbili zimekwisha.

Kwanza nililaumu friji ya soda. Nilikosea. Jumapili, Mama Akiru akiwa kanisani na friji ikinguruma, faili la sauti lilipanda kwa dakika tatu. Jumatatu faili hilohilo lilikaa saa nzima, likakatika. Kilichobadilika ni ubao wa kuchajia simu. Duka likiwa wazi, wafugaji huacha simu zao hapo asubuhi na kuzichukua jioni, na zile chaja za bei rahisi, zote kwenye nyaya zilezile, zinauvuruga mtandao.

Jana nilirudi kutoka Kakuma saa nane mchana na sauti za akina mama waliopanga foleni ya maji kwenye kambi ya wakimbizi. "Tunangoya tangu asubuyi," Mkongomani mmoja aliniambia, "na weye unakuya kutuuliza tunangoya nini?" Ripoti ilitakiwa saa kumi na moja. Saa kumi faili lilikuwa halijapanda hata nusu. Mama Akiru alikuwa nyuma akipokea mkaa. Nikaingia dukani, nikazima swichi ya ubao. Faili likafika Nairobi kwa dakika nne. Nikaenda kuoga, nikasahau kuiwasha.

Jioni akaja Ekai, mfugaji. Betri yake imezeeka, simu huishi ikiwa imechomekwa tu, kwa hiyo haiondoki ubaoni. Ikilia, Mama Akiru hupokea, na Ekai huja jioni kuuliza nani alipiga.

"Ejok, mwandishi," akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok."

"Simu yangu imekufa."

Mama Akiru akatazama swichi, kisha mimi. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hii watu imetembea tangu asubuhi. Wewe umetembea wapi? Mpaka bafu?"

Waliokuwepo wakacheka. Ekai hakucheka. Mkewe alikuwa hospitali ya Kakuma, uchungu umemshika tangu juzi. Nikatoa laini yake, nikaitia kwenye simu yangu. Alizungumza Kiturkana, akanirudishia.

"Msichana. Wote wazima. Wanasema wamepiga tangu saa kumi."

Akairudisha laini yake, akaichomeka simu ubaoni, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Mama Akiru ameifunika swichi kwa utepe wa gundi, lakini hakuwa na haja. Siigusi tena. Kwa hiyo nakurudishia vijisanduku vyako kwa kondakta wa basi hilihili linaloleta barua. Nitumie waya wa mtandao wa mita thelathini, na mabomba ya chuma ya kuupitisha, yafungwe juu ya basi. Mbuzi wa hapa hutafuna plastiki, chuma bado sijawaona wakijaribu. Vifike kabla ya Alhamisi.

Mpe mama yetu pole ya mguu, na shemeji umwambie samaki mkavu yuko njiani. Mjomba mwalimu mwambie barua yake nimeipata.

Ijumaa jioni fungulieni redio. Mkinisikia, mjue mabomba yalifika. Msiponisikia, nitandikieni godoro sebuleni, nitapitia kwenu nikielekea Nairobi.

Mdogo wako,
Wafula